Usisafirie nyota ya mwenzio

Kila inapovuma habari kwamba nyota ya mkia inaonekana, simu za Kigoma hujaa picha. Zipo za Chile, zipo za Italia, zipo za Namibia, na siku hizi zimeongezeka zile ambazo hakuna aliyezipiga popote, kazi ya akili mnemba. Zinatoka kundi la wazazi wa shule, zinaingia la wanaukoo, zinahamia la kikoba, zinaishia la kwaya na la msikiti. Ninayoitafuta na kuikosa ni moja: picha iliyopigwa kutoka mwalo wa Kibirizi, kutoka Katonga, Bangwe au ufukwe wa Ujiji, yenye maji ya Tanganyika chini na nyota yenyewe juu.

Msimamo wangu ni huu. Anga linaloonekana kutoka Kigoma lipigwe picha na watu wa Kigoma, kwa simu walizo nazo tayari, na kila picha iandikiwe tarehe, saa na mahali. Urembo ni nyongeza tu. Picha ya namna hiyo ni ushahidi, na nyumba isiyo na ushahidi wake humeza uongo wa kila apitaye. Wahenga walituasa tusisafirie nyota ya mwenzio. Sisi tumeenda mbali zaidi: hata nyota iliyo juu ya paa letu tunasubiri mwenzetu atuoneshe.

Ilikuwa juu ya milima ya Kongo

Turudi Oktoba 2024. Kometi, yaani nyota ya mkia, iitwayo Tsuchinshan-ATLAS ilipewa majina ya vituo viwili vilivyoigundua mapema mwaka 2023: kile cha Purple Mountain cha China, na darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Tarehe 27 Septemba 2024 ilipita karibu kabisa na jua, na tarehe 12 Oktoba ikafika karibu zaidi na dunia, umbali wa kilomita milioni 71 hivi. Kabla ya hapo ilikuwa ya kutafutwa mashariki alfajiri, upande wa vilima. Baada ya hapo ikahamia magharibi, jioni, kuliani mwa Zuhura, ile nyota kali inayotangulia kuwaka jua likizama.

Magharibi ya Kigoma kuna nini? Kuna maji matupu, kisha milima ya Kongo. Hakuna ghorofa, hakuna nguzo, hakuna mwembe wa jirani. Ni uwanja ambao wapiga picha wa miji mikubwa huendesha gari saa nyingi kuutafuta. Tena tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua na vitu vinavyolifuata hapa huzama karibu wima, havitelezi pembeni pembeni kama kule kaskazini ya mbali. Giza huingia haraka, na nyota ya mkia inayofuata nyuma ya jua hubaki juu ya maji, mkia wake ukielekea angani.

Lipo jambo jingine ambalo matangazo ya redio na televisheni hulisahau. Saa ya Kigoma na ya Dar es Salaam ni moja, ila jua si moja. Likishazama Dar es Salaam, Kigoma linabaki kama dakika 40 zaidi. Oktoba, saa moja kasoro dakika kumi jioni ndipo linagusa milima ya ng'ambo. Basi mtu wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, akisikia "tazameni magharibi saa moja jioni", akatoka, ataona wekundu mtupu. Atarudi ndani akisema ni uzushi uleule wa siku zote. Kumbe angevumilia hadi saa moja na nusu. Tangazo halikudanganya. Lilipimwa kwa jua la watu wengine, na hapa hapakuwa na mtu wa kulirekebisha.

Hofu ina wateja wake

Kuna madhara gani basi tukiendelea kupokea picha za kuletewa? Madhara yapo, na yanaingia hadi jikoni.

Picha isiyo na tarehe wala mahali inaweza kubandikwa maneno yoyote. Leo ni ishara ya vita, kesho ya njaa, keshokutwa ya mwisho wa dunia. Mama anayeuza samaki sokoni Mwanga anatumiwa ujumbe wa sauti usio na mwenyewe. Mtoto anausikia, hataki kulala peke yake. Bibi anaagiza sadaka itolewe haraka. Kijana anatuma fedha kwa namba ya simu ya mtu anayeahidi maombi maalumu ya kuikinga familia. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Haya si ya watu wasiosoma tu, wala si ya Afrika tu. Mei 1910, dunia ilipokaribia mkia wa nyota ya Halley, magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kwamba mkia huo una gesi ya sumu. Gesi yenyewe ilikuwemo kweli, wataalamu walikuwa wameipima. Kilichofichwa nyuma ya vichwa vya habari ni kwamba mkia wa kometi ni mwembamba mno, kiasi kwamba nyota zilizo nyuma yake huonekana bila shida. Wajanja wakauza vidonge vya kujikinga, na watu wakanunua. Siku ikapita bila gesi hiyo kumdhuru mtu, na fedha ya vidonge haikurudi.

Mwaka 2025 mchezo ulirudiwa. Tarehe 1 Julai darubini ya ATLAS iliyoko Chile iligundua 3I/ATLAS, mgeni wa tatu kujulikana kuwa ametoka nje ya mfumo wa jua letu. Muda si mrefu ikasambaa hadithi kwamba ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine kinachokuja kutushambulia. Kometi hiyo haikukaribia dunia zaidi ya kilomita milioni 270, na ilikuwa hafifu, haionekani kwa macho matupu. Lakini picha zilizosambazwa zilionesha mwanga mkubwa uliojaa anga zima. Mtu aliyezoea kulitazama anga la kwao angeuliza swali moja tu: mbona mimi nikitoka nje siuoni? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yasiyozoeshwa husubiri kuambiwa.

Walioanza ni wapiga picha wa mtaani

Hapa wengi hunikatiza: kupiga picha nyota ni kazi ya wenye darubini, sisi na simu zetu wapi na wapi? Historia inasema kinyume.

Septemba 1858 nyota ya mkia ya Donati iling'aa angani, na ndiyo ya kwanza duniani kunaswa kwenye picha. Aliyeipiga, William Usherwood wa Uingereza, hakuwa mnajimu wa kituo chochote. Alikuwa mpiga picha wa biashara, wa kupiga watu sura zao. Aliacha lenzi wazi kwa sekunde 7, ikatosha.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea barani kwetu. Septemba 1882 ilitokea kometi kali kiasi cha kuonekana mchana kando ya jua. Mkuu wa kituo cha unajimu cha Cape Town, David Gill, alikuwa na darubini nzuri, ila upigaji picha haukuwa fani yake. Akamwendea mpiga picha wa mji jirani wa Mowbray, Allis, wakaifunga kamera yake juu ya darubini ili iufuate mzunguko wa anga. Picha zilipooshwa, nyuma ya kometi zilionekana nyota nyingi ajabu, ambazo hakuna aliyetegemea kamera ingeziona. Gill akang'amua kwamba anga lote linaweza kuhesabiwa kwa picha. Akashirikiana na Kapteyn wa Uholanzi, wakatoa orodha ya nyota za anga la kusini, hilihili letu, zaidi ya 450,000. Orodha hiyo ilianzia kwa fundi wa picha wa mtaani.

Afrika Mashariki nayo ina fungu lake. Tarehe 1 Novemba 1948 jua lilipatwa kabisa, kivuli kikapita Kongo, Uganda na Kenya. Waliokuwa Nairobi wakilitazama jua lililofunikwa waliona kando yake nyota ya mkia ambayo hakuna aliyeijua. Vifaa viliandaliwa kwa ajili ya jua, vikavuna na kometi. Na mwaka 2007 Terry Lovejoy wa Australia, mtu wa kazi za kompyuta, aligundua kometi kwa kamera ya dijitali ya kawaida, ya aina ambayo wapiga picha wa harusi hubeba mabegani.

Sasa nauliza: kuna wapiga picha wangapi Mwanga? Wapo wa pasipoti, wapo wa harusi na ngoma, wapo wa mahafali. Wana kamera, wana stendi, wana kompyuta za kusafishia picha. Vifaa vyao vinamshinda Allis kwa mbali. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kazi hii ni yao.

Ujiji inajua kudai shahidi

Kuhusu nidhamu ya kuangalia, Ujiji haihitaji kufundishwa. Shaabani inapofika siku ya ishirini na tisa, macho hugeukia magharibi, juu ya ziwa, kuutafuta mwezi mwandamo. Mtu akisema umeonekana, habari haimezwi hivyo hivyo. Anaulizwa: nani kauona? Alikuwa wapi? Saa ngapi? Anaaminika? Mji mzima unajua kwamba funga na sikukuu za watu zimesimama juu ya majibu hayo.

Inakuwaje basi mji unaodai shahidi wa mwezi uipokee nyota ya mkia bila shahidi, nayo hujitokeza mahali palepale pa anga, jioni ileile? Maswali yale yale yanatosha. Picha isiyo na jibu la nani, wapi na lini isipite kwenye kundi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kaskazini kidogo ya mji tuna somo jingine. Gombe haikujulikana duniani kwa kuwa na sokwe peke yake, maana sokwe wako na kwingine. Ilijulikana kwa sababu tangu Julai 1960, alipofika Jane Goodall, watu walikaa na daftari wakaandika kila siku walichokiona, na wengi wa waandishi hao walikuwa wenyeji wa vijiji vya ufukweni. Miaka ikapita, madaftari yakawa hazina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo ni kweli kwa mali ya angani kama ilivyo kwa ya dukani.

Kalenda ya mvuvi wa dagaa

Mwalimu bora wa kazi hii ameshalala ufukweni, anasubiri giza. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri. Samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi inakosa nguvu, na wengi hutia nanga siku kadhaa. Mwezi ukifa, taa huenea majini hadi mgeni adhani ng'ambo kuna mji.

Anayeitafuta nyota hafifu anahitaji giza lilelile. Oktoba 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17, tena ukiwa karibu na dunia kuliko miezi mipevu yote ya mwaka huo. Jioni ambazo kometi ilikuwa kali zilifunikwa na mbalamwezi. Kuanzia tarehe 20 hivi mwezi ukawa unachelewa kuchomoza, ukaacha nafasi ya giza baada ya jua kuzama. Mvuvi wa Katonga anaijua hesabu hiyo bila kufungua kitabu, kwa kuwa chakula cha watoto wake kinaitegemea. Mpiga picha akitaka kupanga jioni zake, aanze kwa kumuuliza mvuvi, "Mzee wangu, mnatoka lini?"

Mvuvi anajua pia moshi. Mwisho wa kiangazi mbuga na mashamba huchomwa, ukungu wa moshi ukakaa juu ya ziwa na kuficha sehemu ya chini ya anga, pale ambapo kometi hupenda kujificha. Mvua za kwanza huosha hewa. Siku inayofuata mvua, wingu likikatika, ndiyo siku ya kutoka nyumbani.

Simu iliyo mfukoni

Kazi yenyewe haina uchawi. Simama nchi kavu, maana mtumbwi unayumba na picha itavurugika. Mgongo uwe upande wa taa za mji. Simu isishikwe mkononi: iegemeze kwenye jiwe, kwenye mchanga uliorundikwa, au ubavuni mwa mtumbwi uliovutwa juu. Zima tochi ya kamera. Washa mpangilio wa usiku, na kama simu inaruhusu kuchagua sekunde, anza na tatu, panda hadi kumi. Fokasi ilenge taa ya mbali ziwani. Tumia kipima muda, ili kidole kisiitikise simu wakati wa kupiga. Piga nyingi, maana katika nyingi moja itakaa vizuri.

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha ana kanuni nyepesi: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 10 kabla nyota hazijaanza kuvutika kuwa mistari, kwa sababu dunia inazunguka hata wewe ukitulia.

Tusidanganyane, simu haitatoa picha kama za vituo vikubwa. Utapata alama nyeupe yenye mkia hafifu juu ya maji meusi. Lakini alama hiyo umeipiga wewe, siku unayoijua, mahali unapopajua.

Kisha usiue ushahidi kwa mkono wako. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana na kufuta taarifa zake za ndani, zikiwemo saa na mahali. Itume kama dokumenti, au andika chini yake: tarehe, saa, mwalo, ulielekea wapi. Ile ya asili ihifadhiwe. Wanafunzi wawili, mmoja Ujiji na mwingine Kibirizi, wakifanya hivyo jioni tano mfululizo, wataona kwa macho yao kometi ikihama kati ya nyota. Hakuna ujumbe wa sauti utakaowatisha tena.

Eti tuna shida kubwa zaidi?

Kuna atakayesema watu wanahangaika na maji, barabara na bei ya dagaa, halafu mwandishi analeta habari za nyota. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikai sawa. Simu imeshanunuliwa. Anga halina kiingilio. Kinachoombwa ni nusu saa ya jioni na mazoea ya kuandika. Upande wa pili wa mizani kuna fedha zinazotapeliwa, watoto wanaotishwa, na somo linalokaririwa bila kuonwa. Mada ya unajimu imo kwenye fizikia ya kidato cha nne. Kijana wa Kigoma anajibu swali la kometi kwenye mtihani kwa kukumbuka mchoro wa kitabu, ilhali ile yenyewe ilipita juu ya ziwa alilozaliwa kando yake.

Tena Watanzania wakielezwa mapema, huitikia. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki pete, umati ulikusanyika Rujewa, Mbarali. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa ameshaeleza katika vyombo vya habari kitakachotokea na jinsi ya kutazama bila kuumia macho. Siku ambayo ingeweza kuwa ya hofu ikawa ya sherehe.

Kigoma ina sababu ya kuharakisha. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi kwa majenereta ya dizeli, giza la usiku likawa kawaida. Gridi ya Taifa imekuja, na ni haki yetu. Taa zitaongezeka. Manispaa ya Kigoma Ujiji ichague taa za barabarani zinazomulika chini, penye watu na mashimo. Mwanga unaopanda juu ni bili inayolipwa bila kumfaa mtu, na unazima nyota. Wageni wanaokuja kwa ajili ya Gombe na Mahale humaliza kutazama sokwe mchana, usiku wakabaki hawana la kufanya. Kijana mwenye stendi na maarifa kidogo anaweza kuuza usiku huo kwa halali.

Tusingoje Halley ya mwaka 2061. Kometi nyingine hazitoi taarifa ya muda mrefu. Lovejoy ya mwaka 2011 iligunduliwa tarehe 27 Novemba, na kufika Krismasi mkia wake ulikuwa umesimama kwenye alfajiri za kusini. Mwezi haukutimia kati ya kujulikana na kuonekana. Kwa hiyo maandalizi ni ya sasa: shule moja ianze daftari la anga, studio moja ya Mwanga ijaribu kuipiga Zuhura jioni, msimamizi wa kundi moja la WhatsApp aweke sharti la tarehe na mahali. Ikija nyingine, swali la kwanza kwenye kundi lisiwe "Eti ni kweli?" Liwe "Nani kaipiga, na yuko mwalo gani?"